Kabla ya kupima zebaki, tuulize samaki amehifadhiwa namna gani

Samaki aliyelala ndani ya formoli tangu msimu wa mvua uliopita hawezi kutuambia vizuri kama mto Luama una zebaki. Nikisema hivyo najua nitawaudhi watu, hasa vijana wetu wa vyuo wanaofanya utafiti kwa pesa za mfukoni. Lakini mimi ni mfanyakazi wa maabara ya hospitali hapa Kasongo, nimezeeka katika vipimo, na nimejifunza kwamba kipimo cha sampuli iliyoharibika ni kibaya kuliko kukosa kipimo kabisa. Asiye na kipimo anajua hajui. Mwenye kipimo kibaya ana karatasi yenye muhuri.

Jambo hili lililetwa kwangu na kijana mmoja wa Kabambare. Alikuja kwa pikipiki na ndoo ya mfuniko, ndani yake kambale waliokatwa vipande, wakielea katika maji yenye harufu ninayoifahamu.

“Mama, niko na samaki wa Luama. Natafuta njia ya kuwatuma Bukavu wapimwe zebaki.”

Nikamuuliza amewavua wapi. Akajibu vizuri, na jina la kijiji. Nikamuuliza walikuwa na uzito gani walipotoka majini. Hakuwapima. Na dawa hii umeitoa wapi? Kwa rafiki yake anayehifadhi maiti.

“Mwanangu,” nikamwambia, “namba watakupa. Lakini itakuwa namba ya samaki, ya dawa, au ya ndoo?”

Tueleze kwanza kwa nini swali la kijana huyu ni la kwetu sote. Kabambare ni nchi ya dhahabu. Namoya, upande wa Salamabila, ilichimbwa tangu enzi za Wabelgiji. Kampuni ya Banro ikaanza uzalishaji wa kibiashara huko mwaka 2016. Na kandokando ya mashimo makubwa wachimbaji wadogo hawajakosekana. Katika machimbo mengi ya dhahabu ya Mashariki ya Kongo zebaki ni kifaa cha kazi. Mchanga uliosagwa unachanganywa nayo, inashika dhahabu, donge linaminywa kwa kitambaa na kuchomwa juu ya makaa. Dhahabu inabaki. Zebaki inapanda na moshi, na nyingine inabaki katika mchanga uliooshwa, ambao mvua itaubeba hadi mtoni. Katika tope la mto kuna bakteria wanaoigeuza kuwa metili-zebaki, na hiyo ndiyo inayoingia katika nyama ya samaki na kukaa humo. Samaki mdogo analiwa na mkubwa, mkubwa naye analiwa na mwenye meno makali zaidi, na kila anayekula anarithi sumu ya aliyeliwa.

Luama unapita Kabambare na kumwaga maji yake katika Lualaba. Wamama wanaokausha samaki huko wanawaleta soko la Kasongo. Mimi mwenyewe nawanunua. Kwa hiyo iko siku mtu atakuja kupima, awe mwanafunzi, shirika, kampuni au serikali, na atatuambia tule au tusile. Ni vizuri tujue mapema tutamuuliza nini.

Hospitalini jambo hili halina ubishi. Damu ikiwekwa katika kichupa chenye kifuniko cha zambarau, ndani yake kuna chumvi ya EDTA yenye potasiamu, inayozuia damu isigande kwa kuishika kalsiamu yote. Ni kichupa kizuri sana kwa kuhesabu chembe za damu. Lakini ukipima kalsiamu katika damu hiyo utaambiwa mgonjwa karibu hana kalsiamu, na ukipima potasiamu utaambiwa moyo wake unasimama sasa hivi. Mgonjwa mwenyewe amekaa kwenye benchi anakula ndizi. Daktari akituletea kichupa cha namna hiyo kwa kipimo cha kalsiamu, tunakirudisha, hata kama daktari ni mkubwa na ana hasira. Sioni kwa nini samaki wa mto mzima wapewe heshima ndogo kuliko damu ya mtu mmoja.

Formoli, ambayo wengine wanaiita formalini, ni gesi ya formaldehaidi iliyoyeyushwa katika maji. Mwaka 1893 Ferdinand Blum, daktari Mjerumani wa Frankfurt, alikuwa akiijaribu kama dawa ya kuua vijidudu, akaona ngozi ya vidole vyake imekakamaa. Akaelewa kwamba inaweza kukakamaza nyama nyingine pia, na tangu hapo hospitali na makumbusho ya dunia nzima yakaitegemea. Inafunga protini moja na nyingine kwa madaraja madogo ya kaboni, nyama haiozi tena, umbo linabaki kama lilivyokuwa. Sisi wenyewe tunaitumia kila tunapotuma kipande cha uvimbe kwa mtaalamu wa mbali. Mimi siichukii formoli. Kwa kuangalia umbo haina mpinzani.

Shida inaanza ukitaka kemia. Madaraja yale ni kaboni mpya iliyoingia katika nyama, kaboni ya kiwandani. Wataalamu wanaotaka kujua samaki amekula nini maishani mwake hupima uwiano wa kaboni nzito kwa kaboni nyepesi, na majaribio mengi yameonyesha kwamba formoli hushusha uwiano huo kwa takribani sehemu moja kwa elfu. Ni kidogo, lakini tofauti kati ya samaki anayekula kando ya mto na yule anayekula katikati inaweza kuwa hiyo hiyo. Alkoholi nayo ina tabia yake: inayeyusha mafuta na kuyatoa nje ya nyama. Anayetafuta DDT au dawa nyingine ya wadudu inayokaa katika mafuta atapima nyama na kuikuta safi, kumbe alichokuwa anakitafuta kimehamia katika maji ya chupa yaliyomwagwa. Na formoli isiyotiwa dawa ya kupunguza ukali hugeuka asidi kadiri inavyokaa, ikaanza kula vijiwe vya sikio la samaki. Vijiwe hivyo vina miviringo inayohesabiwa kujua umri wake. Kwa zebaki umri ni jambo kubwa, maana samaki mzee amekusanya miaka mingi zaidi ya sumu. Ukipoteza umri, hujui kama namba kubwa inatoka kwa mto mchafu au kwa kambale mzee.

Zebaki yenyewe ni metali, haiozi wala haifi ndani ya chupa. Ndiyo maana wengi hudhani jinsi ya kuhifadhi haiwahusu. Lakini namba ya maabara ni hesabu ya kugawanya: zebaki kiasi gani katika nyama kiasi gani. Formoli na alkoholi hubadilisha kiasi cha maji na mafuta, uzito wa nyama unabadilika, na dawa yenyewe inaweza kuleta uchafu wake au kuchukua kidogo cha metali. Asiyejua uzito wa mwanzo na hakuweka akiba ya ile dawa, hana njia ya kurudi nyuma.

Mzozo wa namna hii uliwahi kugusa bahari kuu. Mwishoni mwa 1970 Marekani iliondoa sokoni karibu mikebe milioni moja ya jodari kwa sababu ya zebaki, na mwaka 1971 wananchi wakashauriwa wasile samaki upanga. Kukawa na kelele: je, hii ni sumu ya viwanda au bahari imekuwa hivyo siku zote? Watafiti wakaenda makumbusho, wakapima jodari saba waliovuliwa kati ya 1878 na 1909, na samaki upanga wa miaka ya arobaini. Matokeo yakachapishwa katika jarida la Science mwaka 1972: kiwango kilifanana na cha samaki wa wakati ule. Wafanyabiashara wa samaki walifurahi, unaweza kukisia. Sisemi watafiti wale walikosea. Nasema kwamba hoja iliyogusa chakula cha nchi nzima ilisimama juu ya nyama iliyokaa chupani miongo mingi, na swali la kwanza la mtu wa maabara ni lile nililomuuliza kijana wa Kabambare: walikuwa na uzito gani siku ile, na maji ya chupa yamepimwa?

Kuna kisa kingine ninachokipenda zaidi, cha bahari ya Waswahili wenzetu. Tarehe 22 Desemba 1938, mjini East London, Afrika Kusini, dada mmoja wa makumbusho, Marjorie Courtenay-Latimer, aliona katika samaki wa meli ya uvuvi mmoja wa ajabu, wa buluu, mwenye mapezi kama miguu. Alikuwa silakanti, samaki ambaye wataalamu walidhani ametoweka duniani tangu zama za dinosauri. Jua lilikuwa kali, ni wakati wa Krismasi, hakuna mahali pa baridi pa kumweka, na formoli aliyoipata ilikuwa kidogo. Akamfunga kwa vitambaa vilivyoloweshwa. Dawa haikufika ndani. Matumbo yakaoza, yakatupwa, ikabaki ngozi ya kujazwa. Profesa J.L.B. Smith alipofika Februari 1939 alimtambua, lakini viungo vya ndani vilikwisha.

Wa pili alipatikana Komoro, kisiwa cha Nzwani, Desemba 1952. Wavuvi wa huko wamemjua siku zote, wanamwita gombesa. Nahodha Eric Hunt alimtia chumvi, kisha akatafuta formoli. Baada ya hapo wengine wakavuliwa, wakahifadhiwa kwa formoli, na Wafaransa wakawachora mfupa kwa mfupa. Lakini swali moja la kemia lilibaki: samaki huyu anaishije katika maji ya chumvi bila kukauka? Jibu lilikuja baada ya mmoja kufikishwa Marekani, chuo cha Yale, mwaka 1966 akiwa ameganda kwa barafu. Mwaka uliofuata ikatangazwa kwamba damu yake imejaa urea, kama ya papa, na urea hiyo ndiyo inayozuia bahari isimnyonye maji.

Urea! Kipimo tunachowafanyia wagonjwa wa figo hapa Kasongo. Formoli haina msaada hapo, kwa kuwa formaldehaidi na urea zikikutana zinaungana. Viwandani muungano huo unatumika kutengeneza gundi ya mbao za plywood. Vitabu vizima vya michoro vilitoka katika formoli, na jambo moja la damu likangoja barafu.

Kwa hiyo sampuli huhifadhiwa kwa ajili ya swali fulani. Makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, yana samaki wengi wa Kongo, wakiwemo wa msafara wa 1946 na 1947 uliochunguza ziwa Tanganyika, ambao mtaalamu wake wa samaki alikuwa Max Poll. Waliwekwa kwa desturi ya wakati ule, formoli kwanza na alkoholi baadaye, ili wahesabiwe mapezi na magamba. Ni hazina, na ningependa siku moja watoto wetu wazitazame bila kuomba viza. Lakini ziliwekwa kwa swali la umbo, na anayezipeleka kwenye swali la sumu lazima aende kwa tahadhari nyingi.

Najua nitaambiwa: Mama, wewe unadai barafu Kabambare, ambako umeme ni paneli ya jua na jenereta ya mfanyabiashara? Mvua ikinyesha barabarani, pikipiki yenyewe inabebwa. Hapo wana haki. Tena frigo inayozimika usiku na kuwaka mchana si rafiki wa sampuli: samaki anayeganda na kuyeyuka tena na tena anatoa maji, na tunarudi kwenye uzito ule ule usiojulikana. Kwa sianidi, inayotumiwa na viwanda vya dhahabu, hata barafu peke yake haitoshi. Maji yanatiwa soda kali, yanawekwa baridi na kupimwa upesi, vinginevyo inatoweka na mtu anatangaziwa mto safi.

Lakini kwa zebaki tuna njia isiyodai umeme, na wamama wetu wanaijua: kukausha. Tatizo ni kukausha bila kupima. Chukua kilo moja ya samaki mbichi yenye zebaki miligramu 0.2. Iko chini ya nusu miligramu kwa kilo, kiwango ambacho nchi nyingi zimekitumia kwa miaka mingi. Mkaushe sana mpaka abaki robo kilo. Zebaki haikutoka na moshi, ni ile ile miligramu 0.2, lakini sasa kipimo kitasoma 0.8 kwa kilo. Mwenye nia mbaya anaweza kuchukua samaki mkavu wa soko, akamlinganisha na kiwango cha samaki mbichi, akafunga biashara ya wamama wote kwa siku moja. Mwenye nia mbaya wa upande wa pili anaweza kuloweka samaki mkavu kwanza, apate namba ndogo, aandike kwamba mgodi hauna kosa. Wote wawili watakuwa na mashine nzuri na mtaalamu mwenye diploma. Uzito wa mbichi ukiandikwa pamoja na wa mkavu, wote wawili wamekwama.

Kukauka kulisaidia haki Minamata, Japani, mji ambao kiwanda cha Chisso kilimwaga zebaki baharini na ugonjwa ukatangazwa rasmi mwaka 1956. Kwetu kitovu cha mtoto kinazikwa. Wajapani wengi wana desturi ya kukikausha na kukitunza katika kisanduku. Miaka mingi baadaye watafiti, akiwemo daktari Masazumi Harada, waliomba vitovu hivyo kwa familia, wakavipima, wakaona metili-zebaki imepanda katika watoto waliozaliwa miaka ya sumu. Hakuna frigo iliyohusika. Nywele pia ni shahidi wa namna hiyo. Iraki, 1971 na 1972, watu walikula mkate wa mbegu zilizotiwa dawa ya metili-zebaki, na kwa kuwa nywele hurefuka takribani sentimeta moja kwa mwezi, wataalamu walikata unywele vipande na kusoma mwezi gani sumu iliingia. Nywele zinasafiri katika bahasha ya karatasi. Kutoka Salamabila hadi Kindu haziozi.

Mambo ninayoyaomba ni madogo. Mizani. Penseli, kwa sababu wino unayeyuka katika alkoholi na chupa inabaki yatima. Karatasi inayosema tarehe, mahali, urefu na uzito wa samaki alipotoka majini, jinsi alivyohifadhiwa na tangu lini. Kama ni lazima kutumia dawa, chupa moja ya dawa ile ile isiyo na samaki, ipimwe pamoja nao. Na mahali pa kuwaweka: nimesikia sampuli zikilazwa katika duka la mnunuzi wa dhahabu kwa sababu ndilo lenye frigo, chumba kile kile ambamo madonge ya zebaki yanachomwa. Samaki wa Ziwa Tanganyika akilala humo, ataamka mchafu.

Wenzetu wa Uganda, Kenya na Tanzania walipata somo lao mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipofunga soko lake kwa samaki wa Ziwa Viktoria kwa hofu ya dawa za wadudu zilizotumiwa kuvua. Ilibidi wajenge utaratibu wa kuchukua sampuli na maabara za kuaminika wakati viwanda vimesimama na wavuvi wana njaa. Samaki wa Luama haendi Ulaya, analiwa na sisi, na huenda ndiyo sababu hakuna anayeharakisha.

Kijana wangu hakukata tamaa. Formoli alimrudishia rafiki yake, na ameahidi kukausha kwa joto dogo, mbali na moshi, huku akipima na kuandika.

Waliobaki ni ninyi: wakuu wa maeneo ya afya wa Kasongo na Kabambare, machifu, walimu wa vyuo, wakubwa wa mashirika. Ripoti ya samaki ikiletwa mezani kwenu, iwe inasema kuna sumu au hakuna, msianze na ukurasa wa matokeo. Tafuteni mahali palipoandikwa samaki walivyohifadhiwa na uzito wao wa mbichi. Kama hapapo, irudisheni kwa aliyeileta na msiitie sahihi.